Nani Alikuwa Mwenyeji Kwihara?

Kutoka stesheni ya Tabora hadi Kwihara ni mwendo mfupi wa bodaboda, kwenye barabara ya vumbi inayopita kati ya miembe ya zamani na mashamba ya mahindi na karanga. Mwisho wake ipo tembe, nyumba pana ya udongo yenye paa bapa, kuta nene na ua katikati. Jengo lililopo leo limejengwa upya, na ndani yake yamo makumbusho ya David Livingstone. Habari inayojulikana na wengi ni kwamba Livingstone na Henry Morton Stanley walifika hapa pamoja Februari 1872 wakitoka Ujiji, Stanley akaondoka kwenda pwani Machi 14, na Livingstone akabaki hadi Agosti 25 akingoja wapagazi wa safari yake ya mwisho. Yote hayo ni kweli. Lakini anayesimama katika ua ule anapaswa kuuliza swali jingine kabla ya kuwauliza wageni walikotoka: nyumba ilikuwa ya nani? Mzee mgonjwa, wa taifa jingine na dini nyingine, alikaa miezi sita katika mji wa Waislamu wa Unyanyembe, ambao liwali wao alikuwa Said bin Salim, na akaondoka salama. Hoja yangu katika safari hii ya kufuata njia ya kati, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, ni kwamba watu wa dini waliopita humo pamoja na familia zao hawakuifungua njia. Walipokelewa. Na kupokelewa huko hakukuwa hisani ya mtu mmoja mmoja mwenye moyo mwema. Ulikuwa utaratibu wenye masharti, gharama na kumbukumbu, ulioendeshwa na watu ambao mara nyingi hawakuwa wa dini ya mgeni wao.

Ushahidi wa kwanza ni wa 1857. Novemba 7 mwaka huo wasafiri Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke waliingia Kaze, kitongoji cha Waarabu ambacho baadaye kilimezwa na mji wa Tabora, baada ya zaidi ya miezi minne njiani. Mfanyabiashara mmoja kutoka Oman, Snay bin Amir wa kabila la Harthi, aliwatafutia nyumba, akawalisha, akawashughulikia wapagazi na mizigo, na jioni akakaa na Burton akimfundisha maneno ya Kinyamwezi na kumsimulia nchi alizozijua kwa miguu yake. Wageni walikuja na ramani iliyochora ziwa moja kubwa mno. Mwenyeji aliwaambia kwamba maziwa ni matatu, na akawaonyesha upande lilipo kila moja. Speke alipofika Mwanza mwanzoni mwa Agosti 1858 na kulipa ziwa jina la malkia wake, alikuwa amefuata maelekezo ya barazani. Burton hakuwa mmisionari, na sidhani kama angependa kuitwa mtu wa dini, lakini mlango aliofunguliwa yeye ndio uliofunguliwa kwa wamisionari Wakatoliki, Mapadri Weupe, miaka 21 baadaye, msafara wao wa kwanza ulipofika Unyanyembe mwaka 1878 na kugawanyika, wengine wakielekea Nyanza na wengine Tanganyika. Kilichobadilika ni mgeni. Chakula, mapumziko, habari, mkopo na barua za pwani vilipatikana palepale.

Waarabu wenyewe, hata hivyo, walikuwa wageni wa mtu. Ardhi ya Unyanyembe ilikuwa na mtemi, na walioishi humo waliishi kwa ruhusa yake. Mfanyabiashara Tippu Tip, ambaye jina lake halisi ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliacha tawasifu kwa Kiswahili, na humo tunamwona baba yake, Muhammed bin Juma, amekaa Tabora na kumwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Ndoa hiyo yatufundisha zaidi kuliko sifa zote za Burton, kwa sababu inaonyesha ngazi ya chini ya jengo lote: mgeni kutoka Zanzibar amekuwa mkwe, mkwe amekuwa mwenyeji, na mwenyeji huyo ndiye anayempokea Mzungu. Ngazi hiyo ya chini Burton hakuitazama vizuri. Aliwasifu Waarabu kwa ukarimu na kuwabeza Waafrika kwa uchoyo, ilhali unga aliokula ulilimwa na kutwangwa na haohao aliowabeza, na mizigo yake ilibebwa vichwani mwao.

Chini zaidi ya hapo kuna jambo ambalo wageni wachache waliliandika na ambalo kila Mtanzania analijua, yaani utani. Wanyamwezi walioshuka pwani wakati wa kiangazi na kurudi kwao kulima mvua zilipokaribia walijenga utani na watu wa njia nzima: Wagogo, Waluguru, Wazaramo. Leo tunauona utani msibani, mtani akichekesha na kudai hela za marehemu, nasi tunadhani ni mchezo. Katika njia ya misafara ulikuwa kama bima ya msafiri. Mtani aliweza kuchukua chakula bila kushitakiwa, na mwenye kufa ugenini alikuwa na watu wenye wajibu wa kumzika. Sisemi kwamba wajibu huo ulitimizwa siku zote, maana njia ile iliacha mifupa mingi ya wapagazi waliougua na kuachwa. Nasema kwamba palikuwa na sheria ya kumpokea mpita njia kabla mmisionari hajakanyaga Bagamoyo, na kwamba sheria hiyo ilitungwa na wabeba mizigo.

Hapa msomaji wa vitabu vya wasafiri atanikatiza: na hongo je? Karibu kila aliyepita Ugogo alilalamika kwamba kila jumbe alidai nguo na shanga, msafara ukazuiwa siku kadhaa wakibishana, mgeni akalipa mara mbili. Ukarimu gani huo wa kulipishwa? Jibu langu linaanza na ardhi yenyewe. Abiria wa treni anayepita Dodoma kwenda Manyoni mwezi wa Oktoba anaona nchi kavu, mibuyu na makorongo yasiyo na tone. Msafara wa watu mia tano ukifika hapo na kiu yake unaweza kukausha kwa siku mbili kisima kilichochimbwa na kijiji kizima na kutegemewa hadi masika. Hongo ilikuwa bei ya maji na chakula, na pia kukiri kwamba nchi ina mwenyewe. Mgeni aliyekuwa na bunduki alipenda kuiita unyang'anyi, lakini mgeni huyohuyo alilipa ushuru wa forodha Zanzibar bila kumwita Sultani mwizi. Wapo majumbe waliozidisha, hilo halina ubishi, kama wapo leo wenye nyumba za wageni wanaopandisha bei wakimwona mgeni wa mbali. Kuzidisha bei hakufuti ukweli kwamba mgeni aliyelipa hongo aliingia chini ya ulinzi wa aliyelipwa.

Familia ya Hore ndiyo inayonisaidia zaidi kueleza hoja hii. Edward Coode Hore alikuwa baharia kabla ya kujiunga na London Missionary Society, na alikuwa miongoni mwa wamisionari wa kwanza wa shirika hilo kufika Ujiji, Agosti 1878. Mwenzake Thomson alifariki Septemba ya mwaka huohuo. Mwingine, Dodgshun, alifika mwaka 1879 akafa ndani ya siku chache. Hore akabaki katika mji uliotawaliwa na Mwinyi Heri, Mswahili aliyepeperusha bendera ya Sultani, mji ambao wafanyabiashara wake hawakumtaka na walimwekea vikwazo asijijenge. Walimshuku, na walikuwa na sababu: alitoka nchi ambayo manowari zake zilikuwa zikikamata majahazi ya watumwa. Pamoja na hayo alipanga nyumba miongoni mwao, akanunua chakula sokoni kwao, akazunguka ziwa lote kuchora pwani zake na kurudi bandarini kwao. Kutompenda mtu na bado kumwacha aishi kwako ni kipimo kigumu cha ustaarabu kuliko kumkaribisha rafiki.

Mwaka 1884 Hore alirudi bara na mkewe, Annie, na mtoto wao mdogo wa kiume, Jack. Annie alikuja na kiti cha magurudumu cha aina wanayosukumiwa wagonjwa Uingereza, na baadaye aliandika kitabu ambacho jina lake linakitaja kiti hicho. Magurudumu yalishindwa mapema na vijia vya misafara. Kiti kikafungwa kwenye mti na kubebwa mabegani kwa zamu, kutoka upande wa Saadani hadi Ujiji, safari ya takriban siku 90, wakafika Januari 1885 na kuhamia kisiwa cha Kavala, ambako Annie alifungua shule ndogo. Jina la kitabu limekipa kiti sifa ambayo hakikustahili, maana kiti hakitembei. Waliotembea ni wapagazi waliovuka nacho mito na kukipitisha kwenye miiba ya Mgunda Mkali, pori lililotenganisha Ugogo na Unyamwezi, na kila jioni wakajenga boma, wakatafuta kuni na maji, wakahakikisha mtoto anapata maziwa pale yalipopatikana. Mwanamke na mtoto walibadilisha pia sura ya msafara. Mwanamume mwenye bunduki akiingia kijijini watu hujiuliza amekuja kutaka nini. Mama akiingia na mtoto kiunoni, jibu linaonekana kwa macho. Ndiyo maana nadhani historia ya wamisionari ikiandikwa kwa wanaume peke yao inapoteza nusu ya sababu ya wao kupokelewa.

Kurudi nyumbani kwa familia hiyo ni habari fupi na chungu. Waliondoka ziwani mwaka 1888, na Jack, aliyepita salama Ugogo, Unyamwezi na Uvinza akiwa hajajua kusema vizuri, alifariki London mwaka 1889. Baba yake aliongoza baadaye meli ya shirika lake katika Bahari ya Pasifiki, akaishia Tasmania, alikofariki mwaka 1912. Hakuna haja ya kutia chumvi. Njia ambayo Ulaya iliisoma kama njia ya kifo ilimlea mtoto yule.

Magharibi ya Tabora njia inaingia Urambo, nchi ya tumbaku leo, na hapo ndipo pingamizi la pili linapokaa. Mtemi Mirambo, ambaye mwaka 1871 aliwapiga Waarabu wa Tabora na kuwaua baadhi ya vijana wao wa ukoo, alimpokea mwaka 1879 Dk. Ebenezer Southon wa shirika lilelile la London, akampa mahali pa kujenga, akamweka karibu. Southon alijeruhiwa kwa risasi iliyofyatuka kwa bahati mbaya na kufariki Urambo Julai 1882. Mirambo mwenyewe alifariki Desemba 1884, familia ya Hore ikiwa bado njiani kwenda ziwani. Wapo watakaosema Mirambo hakuwa mkarimu bali mwanasiasa: alihitaji tabibu, alihitaji mtu wa kumwandikia barua kwa balozi wa Uingereza Zanzibar, alihitaji kuonekana mtawala halali mbele ya wapinzani wake wa Tabora. Nakubali yote matatu. Mwaka 1876 alichanjiana udugu na Stanley, na hapo napo haikuwa mapenzi matupu. Ila sioni kwa nini manufaa yaharibu ukarimu. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone, wakikiri waziwazi kwamba mwenyeji naye ana lake. Mwenyeji mwenye faida na uhai wa mgeni ana sababu ya kuulinda, na Southon aliishi Urambo karibu miaka mitatu bila ngome wala askari. Kituo alichokiacha hakikufa: Wamoravian walikichukua mwaka 1898, na kanisa lao la magharibi, lenye makao makuu Tabora, limeota kutoka kwenye uwanja aliopewa na mtemi ambaye hakubatizwa.

Ukarimu huo ulikuwa na mpaka, na msafara wa maiti ya Livingstone unauonyesha mpaka wenyewe. Alipofariki kijijini kwa Chitambo mwaka 1873, watumishi wake Chuma, Susi na wenzao waliikausha maiti yake na kuibeba kurudi pwani. Oktoba walifika Unyanyembe, wakamkuta msafiri Mwingereza, Luteni Cameron, ambaye aliwashauri wamzike palepale. Walikataa; walishaamua kwamba mzee atarudishwa kwao. Mbele ya Tabora habari zikawatangulia kwamba wenye nchi hawataruhusu maiti kupita. Basi wakafunga mzigo wa uongo, wakautuma nyuma kana kwamba wameghairi, na maiti halisi wakaizungushia nguo ikafanana na robota la kawaida la biashara. Ikapita. Februari 1874 walikuwa Bagamoyo, na Aprili Livingstone akazikwa London. Kisa hiki hutajwa kama mfano wa utii wa watumishi. Naona zaidi ujuzi wa watu walioijua sheria ya njia vizuri kiasi cha kujua wapi itawakubali na wapi itawakataa, na ambao waliandaa kurudi nyumbani kwa mtu mwingine kwa uangalifu ambao wao wenyewe, wakifia njiani, wasingeupata.

Pingamizi zito kuliko yote nimeliacha makusudi hadi hapa. Nyumba hizi zilikuwa za wafanyabiashara wa pembe na watumwa. Sahani ya wali aliyowekewa mgeni Tabora ilipikwa na mtumwa, kutoka shamba lililolimwa na watumwa, na bwana aliyemkaribisha mgeni kwa tabasamu aliweza asubuhi yake kuwa amewapeleka watu minyororoni. Je, tunasifu nini? Sina nia ya kuwasafisha. Nasema tu kwamba hesabu ya ukarimu lazima iandikwe kwa jina la aliyeutolea jasho. Tukifanya hivyo, mwenyeji wa kweli wa Kwihara anaonekana kuwa mpishi, mtwanga nafaka, mchota maji na mpagazi, na bwana anabaki kuwa mwenye ufunguo. Wengine kati ya hao wa chini walikuja kuwa wenyeji kwa haki yao. Yahya bin Abdallah alizaliwa upande wa Manyema, mashariki ya Kongo, akaletwa pwani utotoni akiwa mtumwa katika nyumba ya Amir bin Suleiman al-Lamki, Bagamoyo. Aliuza samaki, akanunua minazi, akasoma dini, akawa khalifa wa tarika ya Qadiriyya, na dunia ikamjua kwa jina la Sheikh Ramiya. Waingereza walipoingia mwaka 1916 walimfanya liwali wa mji uleule alioingia akiwa mali ya mtu. Alifariki mwaka 1931, mwanawe Muhammad akashika nafasi yake, na nyumba yao ikawa mahali pa ziara ya kila mwaka, wanatarika wakishuka kutoka bara kwa njia ambayo wazee wao wengi walipitishwa wakiwa wamefungwa.

Upande wa pili wa njia, kwenye Ziwa Tanganyika, kuna mfano wa Kikristo unaolingana naye kwa namna ya kushangaza. Adrian Atiman alitekwa akiwa mtoto karibu na Timbuktu, akavushwa Sahara, akakombolewa na Mapadri Weupe huko Algeria, akasomeshwa utabibu Malta. Alifika Karema mwaka 1889 kwa njia hii ya kati, akaoa hukohuko, mtoto wake akawa padri, na yeye akatibu watu wa kando ya ziwa hadi alipofariki mwaka 1956. Ramiya na Atiman walikuwa na dini mbili, na kila mmoja alikaa mwisho mmoja wa njia. Wote wawili walianza kama bidhaa, kisha wakawa watu ambao wageni huuliza nyumba yao iko wapi. Anayesema ukarimu wa njia ya Tabora ulikuwa pambo la wafanyabiashara wa watumwa hana budi aeleze kwa nini uliishi baada ya biashara hiyo kufa, na kwa nini warithi wake wakubwa walikuwa waliowahi kuuzwa.

Itasemwa, mwisho, kwamba ushahidi wangu umetoka kwa wageni, na mgeni husifu palipomfaa. Ndiyo, ila kwa sehemu tu. Tawasifu ya Tippu Tip ni ya mwenyeji na ni ya Kiswahili. Utani upo hai hadi leo. Makanisa na misikiti vipo na ardhi zake zinajulikana zilitoka kwa nani. Kinachokosekana ni majina ya watu wa chini, na hilo ni kosa letu kuliko la akina Burton. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, wapagazi walikosa kazi na wajukuu wao wakaacha kuulizwa. Tangu 2006 njia hii imo katika orodha ya Tanzania ya maeneo yanayopendekezwa kwa urithi wa dunia wa UNESCO, Kwihara na Ujiji zikiwemo, lakini mtalii anayefika bado anapewa zaidi habari za wageni wawili. Ombi langu kwa wanaosimamia makumbusho ya Kwihara ni dogo: ongezeni chumba kimoja cha wenyeji, chenye Said bin Salim, Fundikira, Karunde, Chuma na Susi, na nafasi tupu kwa wale ambao majina yao bado hayajapatikana. Na msomaji wa Tabora, Urambo au Ujiji ambaye kwao yupo mzee anayejua babu yake alibeba mzigo wa nani, au alimlaza mgeni gani, amrekodi kwa simu yake mwezi huu, ampelekee mwalimu wa historia wa shule iliyo karibu.